Mabibo Makavu Niliyokutumia

Shaibu mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, hapa sina nafasi nazo. Umekwenda kumuaga bibi yako, na namjua bibi yako, hakuachii mpaka umalize ugali wake wote. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa jikoni, karatasi nimeiweka juu ya sinia, na nikimaliza nitaiweka juu ya mto wako. Uisome leo hii hii, siyo kwenye basi. Kwenye basi utajifanya umelala.

Utajiuliza kwa nini mama anakuandikia wakati tunalala nyumba moja. Ni kwa sababu nikisema, unaitikia. "Ndiyo mama. Nimekuelewa mama. Haitajirudia mama." Una mdomo mtamu wewe, toka mdogo. Nikikukaripia unanikubalia haraka haraka mpaka hasira yangu inakosa pa kushika, nageuka kumwambia baba yako, "Umeona, mtoto msikivu." Karatasi huwezi kuiitikia ndiyo mama. Itabidi usome tu mpaka mwisho.

Mambo ya kufunga begi, sijui soksi, sijui chandarua, sikuelekezi. Ulishakua. Ninachotaka kukuandikia ni kwamba nina hasira na wewe na zimekataa kuisha. Nimesali, nimelima, nimefua mashuka ambayo hayakuwa machafu, bado zipo. Umenisaliti, Shaibu. Hilo neno nimelizunguka mwezi mzima nikitafuta lililo dogo kuliko hilo, sikulipata.

Nianze na mabibo, na utanivumilia nikieleza unayoyajua, maana nataka uone kazi yake. Korosho zikishatolewa zinakwenda ghalani, bibo lenyewe, lile tunda, linabaki. Wengi hapa Newala wanalikamua wanapata uraka, na uraka ukikaa unachachuka, ndiyo pombe ya msimu. Wengine wanayakausha mabibo, baadaye wanayaloweka wapikie gongo. Mimi tangu niolewe hakuna uraka uliokamuliwa kwenye uwanja wangu. Nilikuwa nakausha machache tu, ya watoto kutafuna na ya kutia kwenye uji miezi ya njaa.

Halafu ukaenda chuo Dodoma, na siku moja ukapiga simu. "Mama, nimekumbuka nyumbani. Nitumie mabibo makavu. Natafuna nikiwa nasoma, usingizi haunishiki." Lo! Ulijua pa kunishika. Wewe ulikuwa mtoto wa kutema mabibo makavu nyuma ya mlango ukidhani sikuoni, na mimi hata sikujiuliza. Nilisema, ndiyo ukubwa huo, mtu akienda mbali anapenda vya kwao.

Nikaokota mabibo yasiyopasuka. Nikayakata, nikayakamua yale maji yake, nikayamwaga mbali kabisa kwenye migomba ili asije mtu akayakinga akanywa. Ona ujinga wangu! Nikayaanika kwenye mkeka. Kuku natimua, mbuzi wa jirani natimua, wingu likipita nakimbia kuyaingiza ndani na unga mikononi. Mengi nilihifadhi ili nikutumie mwaka mzima. Nikafunga mfuko, nikaupeleka stendi, nikamsihi kondakta kama namkabidhi mtoto mchanga. Na bombani nikajisifu. Wenzangu wanasema watoto wao wakifika mjini wanawasahau, mimi nasema, "Wangu anaomba chakula cha kwao." Nililirudia hilo mpaka wakalichoka.

Ukaomba tena. Ukaomba hamira na sukari, eti chumbani mnapika maandazi. Maandazi! Wewe ambaye hata chai ukichemsha inamwagikia kuni. Nikatuma na hamira.

Asumini ndiye wa kwanza kuniambia. Unajua mimi na Asumini tulivyo. Tulichezwa unyago pamoja, tukaolewa mwaka mmoja, hata wewe alikubeba mgongoni nilipougua. Alinikuta nafunga mfuko wa tatu au wa nne, akauinua kwa mkono mmoja, akaniambia taratibu, "Mama Shaibu, mabibo yote haya, mtoto anayala au anayanywa?" Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia ana kijicho kwa kuwa wa kwake aliishia darasa la saba. Akachukua kanga yake akaondoka. Akipita njiani tukawa tunasalimiana kama watu waliokutana msibani.

Nilikusimulia kwenye simu, unakumbuka? Nilikusimulia nikicheka kwa hasira, "Asumini anasema mwanangu mlevi!" Ukacheka na wewe. Ukasema, "Achana naye mama, watu wa kijijini ndivyo walivyo." Hapo, Shaibu. Hapo ndipo panaponiuma kuliko pengine pote. Ulijua anasema kweli, ukaniacha nimpoteze.

Likizo ukarudi, na nikaona. Siwezi kusema sikuona. Mikono yako ilitetemeka asubuhi ukishika birika, nikasema malaria. Ulikuwa unalala mpaka jua la saa sita, nikasema usomi unachosha. Ulikonda, nikalaumu chakula cha chuo. Mdogo wako aligusa simu yako ukamfokea mpaka akajikojolea, nami nikamkanya yeye asikusumbue. Rafiki zako wa hapa walikuja kukuita ukasema kichwa kinauma. Jioni kichwa kikapona, ukatoka peke yako, hukusema unakwenda wapi. Ukirudi una maneno mengi na ucheshi, na mimi, kwa akili yangu, nikafurahi kwamba umechangamka. Kila dalili niliipa jina zuri kama mtu anayewapa watoto majina. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nakufichia maradhi, na kumbe mwenye maradhi mwenyewe ananifichia mimi.

Kisha matokeo yakatoka, una sapu tatu, mitihani mitatu ya kurudia. Mjomba wako Nassoro akaja, kama ilivyo kwetu, mjomba ndiye anayeuliza. Tukakaa ukumbini. Hakuzunguka. "Dada, huyu mtoto anakunywa?" Baba yako akatazama chini. Nami, kabla hujafungua mdomo, nikainua mkono nikasema, "Wallahi, mwanangu hajui hata harufu yake."

Ulikuwa umekaa mkekani karibu na mguu wangu. Ungeweza kunivuta kanga. Ungeweza kukohoa. Ulikaa kimya, ukaniacha nimtaje Mungu kwenye uongo wako, halafu mjomba alipoondoka ukaniambia, "Asante mama." Asante! Mpaka leo neno hilo likisemwa dukani nashtuka.

Nilimuuliza sheikh baadaye. Akanituliza, akasema aliyeapa akiamini anasema kweli hana kafara. Nilifunga hata hivyo. Wewe uliniona nimefunga ukauliza kwa nini, nikakuambia nadaiwa za Ramadhani. Unaona? Umenifundisha na mimi kudanganya ndani ya nyumba yangu.

Niliyajua yote Masasi. Nilikuwa nimeshuka kumwona mama yako mdogo, na pale stendi kijana akanijia na heshima zote. "Shikamoo Mama Shaibu." Nikamtambua kwa ile picha yenu: Denisi, yule wa Lukuledi uliyekuwa unakaa naye chumba kimoja. Nikafurahi, nikamshika mkono. Nikamuuliza, "Mabibo yangu mnayafaidi lakini?"

Akaacha kutabasamu. Akatazama mabegi yake. "Mama," akasema, "naomba usitume tena."

"Kwa nini? Yameharibika njiani?"

"Hapana mama. Yanafika mazuri."

Nikakaa kwenye benchi la muuza chai kabla hajaendelea. Akanieleza taratibu, na nilimwona anaona aibu kama vile kosa ni lake. Alisema mwanzoni ilikuwa utani. Ndoo yenye mfuniko chini ya kitanda, mabibo, maji, sukari, hamira yangu. Siku za mwisho wa wiki mnakaa watu wengi mnacheka, wenzenu wa bara wanashangaa ladha, wewe unasifiwa, Mmakonde na uraka wake. Yeye Denisi na wengine mitihani ilipokaribia wakaacha. Wewe hukuacha. Ukaanza kunywa wao wakiwa hawapo. Halafu asubuhi, kikombe kimoja kabla ya kipindi, "cha kutuliza mkono". Denisi akamwaga ndoo, ukampiga. Ndipo akahama chumba.

"Mbona hukunipigia?" nikamuuliza.

"Nilipiga mama, mara moja. Ulianza kunisimulia unavyoyaanika, nikashindwa."

Nililia stendi ya Masasi, Shaibu, watu wanapita na mizigo yao. Mtoto wa watu akaninunulia maji.

Nilipanda kurudi huku juu sikumbuki njia. Nikakukuta barazani. Sikukuuliza kitu. Nilichukua mabibo yaliyobaki, nikayaweka kwenye sahani, nikakuletea na maji ya kunawa kama mgeni. "Kula mwanangu. Si ndiyo chakula chako cha kusomea?" Ulinitazama. Ukatia moja mdomoni, ukatafuna, likagoma kushuka. Nikasema, "Kula lingine." Najua nilikuwa mkatili. Nilitaka nikuone unakula yote, moja moja, mpaka sahani iwe tupu.

Ukaanza. Eti ni mara moja moja. Halafu eti wote chuoni wanakunywa. Halafu eti ungeacha wakati wowote, hujaamua tu. Nami nikakusogezea sahani tena, ukapandisha sauti ukasema, "Na si wewe uliyekuwa unatuma?"

Haya. Nilituma mimi. Nimelitafakari hilo tangu siku ile, na kuna kipande chake ninakichukua. Nilipenda kuombwa. Ungeomba kitu kingine chochote labda ningeuliza cha nini, lakini uliomba kazi ya mikono yangu, nikalewa sifa kabla wewe hujalewa chochote. Asumini aliponiambia, sikumkatalia kwa kuwa nina hakika. Nilimkatalia kwa kuwa angeniharibia utamu. Hicho kipande ni changu. Kilichobaki chote ni chako, usinibebeshe. Mikono hii ninayotawadhia ilikuanikia pombe nami sijui, na wewe ulijua. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, lakini hawakusema kama kitakuwa kimetoka tumboni mwako.

Sikiliza nikuambie jambo ambalo nimelijua kwa kuishi kwenye uwanda huu wa mabibo. Mimi sinywi, lakini nimezaliwa na wanaokunywa. Babu yako, baba yangu, alikunywa uraka kila msimu. Jioni anaimba, anawagawia watoto korosho za kuchoma, analala. Mabibo yakiisha, uraka umeisha, anachukua jembe. Hatukumwita mlevi. Jirani yake alikunywa naye kibuyu kimoja, uraka uleule. Yule mabibo yakiisha alianza kuzunguka vijiji kutafuta gongo, akauza milango ya nyumba yake. Kiasi cha pombe kilikuwa kimoja. Tofauti ilikuwa kwamba wa kwanza msimu wake uliisha, wa pili haukuisha.

Wewe umeubeba msimu ukaufunga kwenye mfuko. Ndiyo kazi ya kukausha, kitu cha miezi michache kiwepo mwaka mzima. Ndiyo maana sikuulizi unakunywa vikombe vingapi. Mlevi akihesabu vikombe vyake hujipunguzia. Jiulize ni lini ulikaa wiki nzima bila kuitafuta, na ulikuwaje. Jiulize unakunywa na nani. Zamani ulikunywa ukicheka na watu, sasa unakunywa ukiwa umefunga mlango, na aliyegonga mlango ukampiga. Na jiulize ni uongo gani umesema kwa ajili yake. Anayekunywa tu hana haja ya kutunga maandazi.

Ulisema hujaamua tu kuacha. Mbona nilipokupeleka hospitali baada ya siku ile ya sahani, daktari alipokuambia unyooshe mikono, uliificha? Aliyosema niliyasikia vizuri, na nakuandikia usije ukasema hukusikia: mtu ambaye mwili umeshaanza kutetemeka asikate pombe ghafla akiwa peke yake, anaweza kupata degedege hata akafa. Inasimamiwa. Ndiyo maana ulilazwa, siyo aibu yangu iliyokulaza, kama ulivyomwambia mdogo wako. Barua ya daktari uipeleke zahanati ya chuo siku ya kufika. Denisi atakupokea stendi. Amekubali mrudi chumba kimoja, kijana wa watu, wewe ulimpiga na yeye amekubali. Ameniambia sharti lake moja tu, kwamba akiona kitu atanipigia mimi na sitaanza kusimulia habari za kuanika. Nimemwahidi.

Mjomba wako hataki uende. Anasema ubaki ulime, sapu uziache, ukidisko, ukafukuzwa chuo, umedisko. Alinigeukia akaniuliza, "Dada, utamsimamia tena?" Sikuapa. Sitaapa tena kwa ajili ya mtu yeyote duniani. Nilimwambia tu, "Aende akafanye mitihani. Hapa msimu umeanza, uraka uko kila uwanja, nikimbakiza nimemweka jikoni mwa adui yake." Akasema, "Haya, jambo hili likiharibika, liko kichwani mwako." Nikasema liwe.

Kwa Asumini nilikwenda juzi. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikakaa chini nikapukuchua naye. Nikamwambia yote. Hakusema "nilikuambia". Alisema, "Mpaka yule mtoto aje mwenyewe." Nimemwelewa. Hujaenda, Shaibu. Leo umekwenda kwa bibi yako ambaye anakupenda bila kuuliza, na nyumba ya Asumini umepita mbele yake.

Nakupenda. Liandikwe hilo pia, maana nimeandika hasira kurasa zote. Ningekuwa sikupendi ningekuwa nimeshalala saa hizi. Lakini mapenzi yapo na imani haipo, na sikujua kama vitu hivyo viwili vinaweza kutengana. Mimi nilidhani ni kitu kimoja. Ukinipigia simu ukaniambia umesoma, nitamuuliza Denisi. Ukisema unaumwa, nitauliza zahanati. Utachukia. Chukia.

Sasa kuna jambo nimeling'amua hivi sasa tu, nikiandika, na limenifanya niweke kalamu chini nikazunguka uani. Tangu urudi, asubuhi unaniamkia ukiwa mlangoni. "Shikamoo mama," tayari umegeuka, unakwenda kunawa. Zamani ulikuwa unakuja mpaka nilipo, unakaa, unaomba chai. Nilidhani umekuwa mwanamume, unaona haya kukaa karibu na mama. Hata baada ya hospitali umeendelea hivyohivyo. Na leo asubuhi pia, mlangoni.

Sijui maana yake. Inawezekana ni mazoea tu. Naomba iwe mazoea.

Kesho alfajiri ingia ndani. Usisimame mlangoni. Njoo mpaka nilipokaa, uchutame hapa karibu na jiko, unipe shikamoo usoni, pumzi yako inifikie. Najua utakuwa umeshasoma barua hii, najua utapiga mswaki, utatafuna na karafuu. Piga tu. Mimi nitakutazama na macho pia. Ukiwa msafi nitakuitikia, nitabeba begi lako dogo mwenyewe mpaka stendi, na kila atakayetuona atajua ninamsindikiza mwanangu.

Na usipokuwa msafi, uje vilevile. Usikimbie, usipitie dirishani kama mwizi. Nitakuitikia marahaba ileile, halafu nitafungua begi nikutolee nguo, tutaoka mihogo, na basi litaondoka bila wewe.

Mama yako